UZI: Miaka 14 niliishi ndani ya usiku mmoja. Tiba ya mazungumzo ilivyonitoa

Saa Nane (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimeona niseme. Wiki iliyopita mtu mmoja alisema mbele yangu kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia ni kumlipa mtu akutazame ukilia. Waliokuwepo wakacheka, na mimi nikanyamaza. Kunyamaza kule kumeniuma, ndiyo sababu ya uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie. Na kama uko katikati ya jambo zito sasa hivi, soma kidogo kidogo, au acha kwanza. Hata kesho utaukuta.

Nilikuwa na miaka 16 nyumba yetu ilipoungua usiku. Baba, mama, dada na mimi tulitoka. Mdogo wangu wa kiume, wa miaka 9, hakutoka. Hayo ndiyo maelezo yote niliyowapa watu kwa miaka 14, tena kwa sauti kavu kama mtu anayesoma tangazo. Walionisikia walidhani nimeshapoa.

Sikuwa nimepoa. Nilikuwa nalala na viatu pembeni ya mto. Nikiingia ukumbini, kabla sijamsalimia mtu nimeshahesabu milango. Mtu akichoma takataka mtaa wa pili, mwili ulijua kabla yangu: viganja vinalowa, masikio yanaziba, nashtukia nimesimama nje na sijui nimetokaje. Kila usiku ikifika saa nane naamka. Mke wangu alizoea kunikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimetega sikio. Aliniuliza mara moja nasikiliza nini, nikamfokea. Hakuuliza tena.

Niliwahi kwenda kwa mshauri mmoja mapema. Alinisikiliza kama dakika kumi, akaniambia nishukuru Mungu nilitoka salama, nijitahidi kusahau. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeaibika. Ilipita miaka mitatu ndipo nikathubutu kumwona mtu mwingine, na hilo nawaambia kwa sababu najua wapo humu walioishia kwa yule wa kwanza.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, mwanasaikolojia tiba. Nitamwita daktari, ndivyo nilivyokuwa namwita. Kikao cha kwanza alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Siku ya kawaida, ubongo hupokea tukio, hulipanga, huliwekea mahali na wakati wake. Kazi hiyo hutegemea sana sehemu iitwayo hipokampasi. Lakini kwenye hofu kuu, sehemu nyingine, amigdala, ambayo ni king'ora cha mwili, ndiyo inayotawala. Homoni za hofu humwagika, upangaji unavurugika, na kinachobaki ni vipande: harufu, joto, mlio, sura ya mlango. Vipande hivyo vina nguvu ajabu, ila havina tarehe. Kwa hiyo moshi ukinifikia, mwili wangu hausemi "ilitokea". Unasema "inatokea".

Zishikeni hizo silabi mbili, LI na NA, maana ndimo ugonjwa wangu ulimokuwa na ndimo dawa ilimopita.

Ukiacha maelezo ya kawaida niliyompa siku ya kwanza, vikao vitatu vya kwanza hatukuugusa moto. Tulijifunza kupumua, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza. Tulijifunza kurudi chumbani pale akili inapokimbia: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, harufu mbili, ladha moja. Nikaona ananipotezea muda. Kumbe alikuwa ananifundisha kuogelea kabla ya kunipeleka kwenye kina.

Kikao cha nne akaniambia nifumbe macho, nisimulie usiku ule tangu nilipolala mpaka majirani walipotushika, na nisimulie kama unatokea sasa. Simu ilikuwa mezani inarekodi. Kila baada ya muda mfupi aliuliza, kwa upole, "Hofu iko ngapi, kati ya sifuri na mia?" Nikasema tisini na tano. Nilipomaliza shati lilikuwa limeloa. Akaniambia niende nyumbani, niisikilize rekodi hiyo kila siku, peke yangu, mahali salama, mpaka kikao kijacho. Nilimchukia siku ile, nasema kweli.

Njia hii ilitengenezwa na mwanasaikolojia Edna Foa, na kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15 vya kama dakika 90. Msingi wake ni kwamba kila tunapoikimbia kumbukumbu, tunaufundisha mwili kwamba kumbukumbu yenyewe ni hatari. Ukikaa nayo mpaka hofu ishuke yenyewe, ukarudia, ukarudia tena, mwili unaanza kutofautisha moto na habari ya moto. Siku ya tatu ya kusikiliza nilikuwa sabini. Wiki iliyofuata arobaini na kitu.

Nitaendelea baadaye, mkono umechoka.

Mpiga Kasia

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe mdogo wako. Ila swali la dhati: huko si kutonesha kidonda? Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nina yangu nimeyafungia, na naishi.

Saa Nane

Asante mkuu, na pole kwa hayo yako. Methali hiyo naipenda, na nimeifikiria sana. Inazungumzia yaliyopita. Shida ya mtu mwenye kiwewe ni kwamba jambo lake halijapita. Kalenda inasema limepita, mwili unabisha. Tiba ndiyo inayolifikisha mahali ambapo methali hiyo inaanza kumhusu.

Lakini hofu yako ina msingi, na kuna mambo mawili nikuunge mkono. La kwanza, si kila aliyepitia jambo baya anahitaji tiba. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 70 ya watu watapatwa na tukio la kutisha katika maisha yao, na wanaoishia kupata ugonjwa wenyewe wa kiwewe (PTSD) ni asilimia 5.6 tu. Wengi hupona wakiwa na usalama, watu wao na muda. Ndiyo maana ugonjwa huu haupimwi wiki ya kwanza. Husubiriwa dalili zivuke mwezi.

La pili, kumkalisha mtu saa chache au siku chache baada ya ajali ukamlazimisha aeleze yote kwa kikao kimoja, hilo tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha halimkingi, na huenda likamdhuru. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi na vya kutuliza vya jamii ya diazepamu: mwongozo wa shirika hilohilo wa 2013 unasema wasipewe watu kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza. Mtu aliyetoka kwenye janga leo anahitaji maji, blanketi, ndugu zake, na mtu wa kukaa naye bila kumhoji.

Kwa hiyo, kama umeyafungia na unalala vizuri, unapenda watu wako, hukwepi nusu ya dunia, sina neno. Ila jiulize kufunga huko kunakugharimu nini. Mimi kulinigharimu usingizi wa miaka 14 na mke aliyeacha kuniuliza maswali.

Mpiga Kasia

Kwenye kulala umenipata. Endelea mkuu.

Saa Nane

Naendelea.

Daktari alikuwa anasikiliza lugha yangu kuliko nilivyojua. Nilipomsimulia mara ya kwanza kabisa, kawaida tu, bila kufumba macho, alikuwa ameandika pembeni. Baadaye akanionyesha. Nilianza: nilikuwa nimelala, nikasikia kishindo, nikaamka, nikakimbilia nje, dada alikuwa analia. Halafu, bila mimi kujua, sentensi zikageuka: moshi unatoka dirishani, anaita, ananiita mimi, sisogei. Hapo mlangoni LI ilikuwa inakufa kila mara. Miaka 14 mdogo wangu alikuwa ananiita.

Kikao cha sita tukafika mlangoni tena, macho nimefumba. Akaniuliza, "Mikono yako iko wapi?" Nikajibu, "Nashika komeo." Nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, sikumbuki ni muda gani. Komeo lilikuwa la chuma na lilikuwa la moto. Ninalo kovu kwenye kiganja cha kulia, limekaa kama ukanda, nimelibeba tangu siku ile. Kila mtu kwetu anajua nililipata kwenye ule moto. Lakini kwenye hadithi niliyokuwa nikijisimulia, mimi ni yule aliyekimbia akasimama uani kama gogo. Hakuna sehemu niliyorudi. Kovu nilikuwa nalo mkononi na hadithi nilikuwa nayo kichwani, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Hakunipandikizia kumbukumbu. Hakuniambia "huenda ulirudi". Komeo halikuwa limesahaulika, lilikuwa limerukwa, kwa sababu kulifikia ni kusikia tena anaita. Mtaalamu akianza kukuambia yeye mwenyewe kilichokupata utotoni wakati wewe hukijui, toka humo.

Baada ya hapo tukahamia kwenye kitu kingine, na kwangu hiki kilikuwa kigumu kuliko moto. Hatia. Kama NA ndiyo silabi ya hofu, hatia inakaa kwenye NGALI. Ningalirudi mapema. Ningalimwamsha. Ningalilala chumba kimoja naye. Watu elfu moja walishaniambia "haikuwa kosa lako", na kila aliposema mtu nilijisikia mwongo zaidi.

Daktari hakusema hivyo hata mara moja. Alinipa karatasi. Andika: moto ulianzia wapi. Uliamka saa ngapi. Kutoka chumbani kwako hadi chumbani kwake, moshi ulikuwa umefika wapi. Ulijua nini wakati ule, siyo ulichokijua kesho yake. Nikaandika kama mtu wa upelelezi. Mwanasaikolojia Patricia Resick ndiye aliyeijenga njia hii, kwa kawaida vikao 12, na kazi kubwa ni kuiweka imani moja moja mezani na kuiuliza ushahidi wake. Kwenye karatasi yangu mvulana wa miaka 16 aliamka nyumba ikiwa imeshashika pande mbili, akatoka, akarudi, akashika chuma cha moto, akavutwa nyuma na mtu mzima. Hapo NGALI ilikosa mahali pa kusimama.

Kisha akaniuliza swali moja: "Kama angetoka yeye, ukabaki wewe, ungependa aishi hivi unavyoishi?"

Sikujibu. Nililia, na kilio kile sikuwahi kukijua. Miaka yote ile nilikuwa naogopa tu, sikuwa nimemlilia mdogo wangu. Hofu ilikuwa imekalia nafasi ya msiba. Sijui kama wataalamu humu mtakubaliana nami, lakini kwangu matanga yalianza siku ile.

Nyota ya Jioni

Kaka, nimesoma nikiwa nimejifungia chumbani. Pole sana. Mimi langu si tukio moja. Ni miaka, nikiwa mdogo, na aliyefanya ni mtu wa ndani ya familia. Siwezi kulisema kwa sauti. Nikijaribu, koo linafunga na najiona kama niko darini naangalia mtu mwingine. Hiyo ya kusimulia macho yamefumba siiwezi, kwa hiyo najua tiba hainihusu.

Saa Nane

Dada yangu, pole. Na asante kwa kuandika hata hayo machache.

Inakuhusu. Hali yako ina jina siku hizi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imetenga aina ya pili ya ugonjwa huu, kwa ajili ya hasa waliopitia mambo ya muda mrefu ambayo hawakuweza kuyakimbia. Mbali na ndoto mbaya na kushtuka, inataja ugumu wa kutawala hisia, kujiona huna thamani, na ugumu wa kuwa karibu na watu. Huko kujiona uko darini nako kunajulikana sana. Mtoto asiyeweza kukimbia kwa miguu, akili humkimbizia. Ndilo lililokuokoa wakati ule, kwa hiyo usilionee aibu.

Kwa hali kama yako mtaalamu mzuri hakimbilii simulizi. Huanza na usalama na kutuliza mwili, na hiyo peke yake inaweza kuchukua miezi. Na zipo njia ambazo hazikudai useme kila kitu. Moja inaitwa EMDR, Francine Shapiro aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Unaishika picha moja ya tukio akilini huku macho yako yanafuata mkono wa mtaalamu ukienda kushoto na kulia, kwa mizunguko mifupi, na baada ya kila mzunguko unasema tu kilichojitokeza. Wataalamu bado wanabishana ni kwa nini macho yasaidie, lakini kwamba inasaidia wengi, mwongozo ule wa 2013 niliousema uliitaja pamoja na tiba za kubadili fikra na mwenendo.

Nyingine mimi huipenda hata kwa kuisikia. Wanaandaa kamba, inatandazwa sakafuni, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Kwa kila jema unaweka ua, kwa kila baya unaweka jiwe. Halafu mnatembea nayo taratibu, kikao hadi kikao, maua na mawe yote, mpaka kila jiwe lipate mahali pake na umri wako ulivyokuwa. Ilibuniwa kwa watu wa vita, ambao nao hawana tukio moja. Na msidhani inahitaji maprofesa tu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walifunzwa washauri wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha waliotibiwa nao walipata nafuu.

Jambo moja tu nakuomba. Kama mtu huyo bado anakufikia, au bado anawafikia watoto, la kwanza siyo tiba ya kumbukumbu. La kwanza ni kumzuia, kwa msaada wa mtu mzima unayemwamini na wa sheria. Jeraha haliwezi kutibiwa huku linaendelea kupigwa.

Nyota ya Jioni

Yuko mbali sasa. Nilikuwa sijui ile ya darini ina maelezo. Nimeisoma mara tatu.

Jiwe la Pembeni

Mimi nilienda vikao vinne nikaacha. Ndoto zilizidi, nikawa mkali hata kazini. Kwa hiyo si kila mtu inamfaa, tuseme ukweli.

Saa Nane

Tuseme, mkuu. Si kila mtu anapona, na wapo wanaoacha njiani, wengi tu. Mimi mwenyewe kati ya kikao cha nne na cha sita nililala vibaya kuliko mwaka mzima uliotangulia. Tofauti yangu ni kwamba daktari alinionya kabla, na nilipompigia simu kusema naacha, hakunibembeleza wala kunilaumu. Alisema, "Tupunguze mwendo." Tukapunguza. Kama wako hakukuonya, alikukosea. Kama ulimwambia umezidiwa naye akaendelea kusukuma, alikukosea zaidi.

Kwa mtazamo wangu, kikao cha kwanza au cha pili mtu anaweza kumpima. Anakueleza anatumia njia gani na kwa nini? Ana mpango, au mnaongea tu wiki hadi wiki? Umemuuliza mafunzo yake akakasirika? Anakuhubiria? Anasimulia mambo ya wagonjwa wengine? Anataka urafiki nje ya chumba? Nikikumbuka yule wangu wa kwanza, majibu yalikuwa wazi, mimi ndiye sikujua kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuuliza.

Kuhusu dawa, maana wawili wameniuliza inbox: zipo zinazosaidia, kama setralini na paroksetini, na kwa mtu ambaye hawezi hata kukaa kwenye kiti dakika tano zinaweza kumfikisha mahali pa kuanza kuongea. Hizo ni za daktari, si za kujinunulia, na zikishaanza hazikatwi ghafla.

Mkuu, ukiwa tayari, jaribu mtu mwingine. Vikao vinne si kushindwa.

Mtu wa Watu

Na sasa hivi ukoje? Harufu ya moshi ikija?

Saa Nane

Nashtuka. Moyo unaruka, halafu natafuta unakotoka, naona ni jirani na takataka zake, nabaki nilipo. Saa nane naamka labda mara moja kwa mwezi. Milango bado nahesabu, nimeamua kuiacha tabia hiyo iwepo. Mama yangu hajawahi kuzungumzia usiku ule na sijamlazimisha. Mke wangu nimemsimulia yote, ilituchukua usiku mzima, na yeye ndiye aliyeniambia niandike hapa.

Juzi mwanangu, ana miaka mitano, alikuwa anachora karibu yangu. Akakishika kiganja changu, akapitisha kidole kwenye kovu, akauliza limetoka wapi.

Nikamwambia, "Nilishika komeo la moto. Nilikuwa namtafuta baba yako mdogo."

"Ulimpata?"

"Sikumpata."

Akaliangalia tena. Akauliza baba mdogo alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia jina, akaniomba nimwandikie herufi ya kwanza kwenye karatasi yake, nikaiandika.